Kaburi Halifunguliwi Mvua Ikinyesha

Hermínio Falardo alikuwa mwashi. Nusu ya ukuta unaozunguka mji wetu wa Alcorvel, ile nusu ambayo wageni huipiga picha wakidhani ni ya enzi za wafalme, aliijenga upya yeye na wenzake wanne kwa nyundo na chokaa, kabla magoti yake hayajagoma. Alipostaafu akaanza kuwatembeza hao wageni. Hakuwa na kitambulisho wala mwavuli wenye kibendera. Alikaa tu kwenye mkahawa wangu, penye lango la mji, na mgeni akiniuliza njia ya ngome nilimwonyesha kwa kidole yule mzee wa kofia ya sufi kule pembeni. Kifaransa alikuwa nacho, alikipata Ufaransa alikofanya kazi ya ujenzi miaka sita ya ujana wake. Wakimpa chochote alipokea. Wasipompa aliwashukuru vilevile, jambo lililokuwa likiniudhi mpaka basi.

Mimi ni Graciete. Mkahawa ni wangu na mdomo ni wangu, na katika habari hii mdomo huo ulifanya mambo mawili ambayo mpaka leo sijamwambia padri.

Mkewe Hermínio aliitwa Leonilde, na alikuwa rafiki yangu kuliko dada zangu wa tumbo moja. Alilelewa na masista, kwenye nyumba ya watoto wasio na wazazi. Aliachwa mlangoni pao akiwa na umri wa siku chache, amefungwa kwenye gunia la ngano. Alikuwa mwanamke wa vicheko, wa kuimba akifua, lakini kuna jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha kamwe.

Kwetu kaburi ni la kuazima. Mtu huzikwa, miaka kadhaa hupita, halafu baraza la mji hubandika tangazo kwenye lango la makaburi, lenye majina na tarehe ambayo makaburi hayo yatafunguliwa. Wenye mtu wao huja siku hiyo. Mchimbaji huitoa mifupa, huisafisha, huikabidhi, nao huifunga kwenye shuka na kuiweka katika kisanduku, na kisanduku huingizwa ukutani nyuma ya kimlango cha marumaru chenye jina. Asiyejiwa na mtu humwagwa shimoni pamoja na wote wasiojiwa, chini ya wavu wa chuma nyuma ya kikanisa cha makaburini.

"Usiniache niingie kule chini," Leonilde alimwambia mumewe mwezi ule aliokufa, mimi nimeketi miguuni pake kitandani. "Nilianza maisha kwenye rundo la watoto wasio na mwenyewe. Sitaki kumalizia kwenye rundo."

Hawakujaliwa watoto. Hermínio aliapa mbele yangu, akiwa ameushika mkono wake.

Miaka mitano baadaye tangazo likabandikwa: Jumanne, tarehe kumi na nane Februari, kuanzia saa nne asubuhi, majina kumi, na jina la sita lilikuwa Leonilde de Jesus. Hermínio alikuwa tayari siku nyingi. Nafasi ya ukutani ameshainunua. Marumaru ameichonga jina mwenyewe, kazi ya wiki tatu, kwa kuwa herufi za fundi wa mjini alisema zimekaa kama za duka la viatu. Kisanduku cha msonobari kilikuwa juu ya meza ya kulia chakula. Shuka aliipiga pasi mara tatu, na ya nne akaniletea mimi.

Jumanne hiyo ikaamka na mvua ya kukata na shoka. Maji yaliteremka barabara ya mawe yakiwa na rangi ya chai. Saa mbili na nusu Hermínio akaingia mkahawani amevaa suti nyeusi ya mazishi, uso umemsawijika, wala hakugusa mkate niliomwekea.

"Shemeji, unakwenda wapi na mvua hii?" nikamuuliza.

"Unajua ninakokwenda."

"Hebu keti. Kaburi halifunguliwi mvua ikinyesha."

Hilo sikulibuni. Kila mtu wa Alcorvel analijua. Abílio, mchimbaji wetu wa miaka thelathini, hakuwahi kufungua kaburi kwenye mvua hata siku moja, kwa sababu shimo hujaa maji na matope humeza vidole na meno. Mvua ikinyesha, kazi inasogea mpaka siku kavu, na hakuna haja ya kuambiana.

"Abílio kastaafu mwezi uliopita, Graciete."

"Kastaafu Abílio, mvua haijastaafu. Mwendawazimu gani atashika jembe leo?"

"Acha nipande nikaone tu."

"Ukaone nini? Matope? Kilomita mbili za mlima na hicho kifua chako. Ukishikwa na nimonia, hiyo siku ya kumtoa nani atakwenda kumpokea? Mimi?"

Hapo nilimpata. Akakaa. Ofisi ya baraza hufunguliwa alasiri tu, kwa hiyo hakukuwa na wa kumpigia simu. Akawa anaizungusha kofia yake mapajani, anatazama saa ya ukutani, anaizungusha tena, nami nikamhurumia. Huruma yangu ina kiherehere. Haiwezi kumwona mtu ana majonzi ikamwacha nayo.

Basi wakati huohuo wakaingia Wabelgiji wawili wakichuruzika maji, mume na mke, watu wazima. Bwana Fernand alikuwa mnene, kamera imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Bi Josiane, mkewe, alikuwa mwembamba, na miwani yake ilikuwa na ukungu. Walikuwa na siku hiyo moja tu, wakaniuliza kama mji unaweza kutazamwa kwenye mvua.

"Unatazamika vizuri zaidi," nikawaambia kwa Kifaransa changu cha kuuzia kahawa. "Hakuna msongamano." Kisha nikamgeukia Hermínio. "Haya, inuka. Watembeze hawa. Utakaa hapa ukiitazama saa mpaka uniharibie betri?"

"Leo siwezi."

"Leo ndiyo unaweza. Mwenyewe Leonilde angekufukuza humu kwa ufagio."

Akacheka kidogo. Akavaa koti langu la mvua juu ya suti ya mazishi, akatoka nao. Nilisimama mlangoni nikajipongeza, Mungu anisamehe.

Mengine alinisimulia yeye baadaye, na mengine Bi Josiane. Aliwapandisha ukutani, akawaonyesha mawe ya zamani na mawe yake, akamwambia Bwana Fernand atambue yapi ni yapi, na Bwana Fernand akakosea yote. Aliwapeleka kwenye nguzo ya mawe uwanjani walipokuwa wakifungwa wezi na wanawake wa maneno mengi. "Mwenye mkahawa asingekaa nyumbani siku mbili bila kurudishwa pale," akasema, na wote wakacheka. Bwana Fernand alitaka kuona kila kitu. Likizo alikuwa ameilipia, na mvua haikuwemo kwenye bei. Wakashuka ngazi ishirini na sita hadi kwenye tangi la maji la Waarabu chini ya ngome, wakasimama gizani wakisikiliza matone. Hermínio aliwapigia ukelele mmoja ili wasikie mwangwi unavyorudi. Alisema kwamba dakika ile alikuwa ameshasahau ni siku gani.

Saa nne ilipita wakiwa mle chini.

Kisha wakaingia kanisa kuu ili wapate pa kukauka. Kuna kaburi la mtu wa ukoo mkubwa mle, amechongwa kwa jiwe akiwa amelala, mbwa wa jiwe miguuni, vyeo vyake vimejaa ubavu mzima. Bwana Fernand alilipiga picha kila upande. Bi Josiane yeye alikuwa anatazama chini.

"Na namba hizi sakafuni ni za nini?" akauliza.

"Makaburi pia, mama. Ya watu wa kawaida, zamani. Kila ubao na namba yake."

"Majina yao je?"

"Walikuwa nayo," Hermínio akajibu. Akavua kofia. Kisha, bila kuulizwa, akasema, "Mvua ikikatika ninakwenda kumtoa mke wangu." Wabelgiji wakatazamana. Walidhani Kifaransa chake kimemponyoka, na kwa adabu hawakumsahihisha.

Kule mkahawani, saa tano na nusu, Abílio akaingia, akakung'uta kofia, akaagiza glasi ya divai nyekundu na kipande cha soseji. Nikamtania.

"Ukastaafu wakati mzuri, mzee. Leo ungelowa mpaka kwenye uboho."

"Wenzangu hawalowi," akasema. "Wana hema."

"Wenzako wepi?"

"Si hao vijana wa kampuni, baraza limewapa kazi yangu. Wana hema la plastiki, wana pampu ya kuvuta maji, wana kila kitu. Nimewapita saa nne unusu, walikuwa kaburi la tatu." Akatafuna. "Mbio mbio, kama wanavuna viazi."

Mzee wa watu aliponitazama akaacha kutafuna, maana naye alikumbuka la Leonilde wakati uleule. "Hermínio hayuko kule?" akauliza. Nilitoka na aproni yangu, mkahawa wazi, sufuria ya supu ya mkate na kitunguu saumu jikoni juu ya moto.

Nilianza ngomeni. Hawakuwepo. Nikateremka ngazi zote ishirini na sita za tangi la maji nikiita jina lake, na jina likanirudia lenyewe. Uwanjani nikateleza kwenye mawe, nikaanguka vibaya, nikainuka. Nikawakuta kanisani. Hermínio alikuwa akieleza jambo fulani kuhusu dari, mkono juu. Aliponiona nimesimama mlangoni natiririka maji na magoti yanavuja damu, akaushusha.

"Wamefungua?"

"Wamefungua. Wana hema, shemeji. Sikujua, naapa sikujua."

Hakunifokea. Laiti angenifokea. Bi Josiane aliuliza kuna nini, naye akawaeleza kwa maneno machache, na safari hii walimwelewa. Bwana Fernand akatoa funguo za gari. Tulisimama nyumbani kwa Hermínio kuchukua kisanduku na shuka, akakipakata njia nzima, kidevu chake juu ya kifuniko.

Tulifika saa sita na robo. Hema lilikuwa limeshakunjwa. Makaburi yote kumi yalikuwa yamefukiwa, matope yamesawazishwa vizuri. Vijana wawili wa makoti ya njano walikuwa ndani ya gari lao wakila mkate na samaki wa kopo. Aliyeshuka aliitwa Rúben. Alikuwa msimamizi, na nadhani hajafika miaka thelathini.

"Nimekuja kumchukua Leonilde de Jesus," Hermínio akasema, kama mtu aliyefika dirishani posta.

Kijana akafuta mdomo. "Mzee, tulianza saa nne. Tulisimama langoni tukaita kila jina mara tatu, ndivyo tulivyoelekezwa. Sita walikuja, wenye miavuli. Wanne hawakuitikiwa."

"Na yeye mlimwita?"

"Tulimwita. Mara tatu."

Leonilde aliwahi kunisimulia jinsi Jumapili wageni walivyofika kwa masista, na sista akasimama mlangoni kuita majina ya watoto waliojiwa na shangazi au mjomba, na yeye akikaa amechana nywele kwa sababu mtu hajui nani atakuja. Nilimwangalia Hermínio nikajua naye anakumbuka hilohilo.

Wanne wale walikuwa bado hawajamwagwa. Walikuwa kwenye mifuko minne myeusi ya plastiki chini ya ukingo wa paa la kikanisa, na mimi kwa ujinga wangu nikasema, "Mungu mkubwa!" Rúben hakufurahi pamoja nami. Aliinama akageuza kikaratasi cha mfuko wa kwanza, akageuza cha pili, cha tatu, cha nne. Walikuwa wameandika namba kwa kalamu ya wino, wakabandika kwa gundi ya karatasi. Ukingo ule ulikuwa unavuja. Kila kikaratasi kilikuwa na doa la buluu tu.

"Huyu mkubwa ni mwanamume, nakumbuka," akasema taratibu. "Hawa watatu ni wanawake. Nani ni nani, mzee wangu, nikikwambia nitakudanganya."

Hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, nipate wa kumchukia badala yangu mwenyewe.

"Nipe wote," Hermínio akasema. "Wote wanne. Nitawaweka pamoja naye, watabanana."

"Siwezi. Karatasi yako ni ya mtu mmoja. Nikitoa wengine nimeiba maiti, nafungwa mimi." Akatazama nyuma kwa mwenzake, akashusha sauti. "Chagua mmoja. Mimi nitaandika kwamba ulikuja kwa wakati."

Hermínio akapiga magoti kwenye maji. Akafungua mfuko wa kwanza. Ile mikono iliyokuwa ikitambua jiwe ni la machimbo gani kwa kulipapasa tu, ikaingia mle, ikatoa, ikageuza, ikarudisha. Akafungua wa pili, wa tatu. Akarudi wa kwanza. Bi Josiane alikuwa amesimama nyuma akimshikia mwavuli.

"Miaka arobaini na moja," akasema. "Nililala naye miaka arobaini na moja, Graciete. Simjui. Sijui yupi ni yeye."

Akalia. Sijawahi kuona mwanamume analia vile, mdomo wazi, hajifichi. Niliona wazi kwamba huyu haondoki pale. Ataganda kwenye yale matope mpaka wamchukue, au ataondoka na kisanduku kitupu, na kisanduku kitupu kitamuua kabla ya Pasaka. Nikachuchumaa karibu yake. Katika mfuko wa pili kulikuwa na mfupa wa mkono, ule wa chini ya kiwiko, na katikati yake palikuwa na kinundu, mahali palipovunjika zamani pakaunga.

"Huyu hapa," nikasema.

"Unajuaje?"

"Mkono huu. Aliuvunja utotoni kwa masista. Alianguka kwenye ngazi za kufulia."

Akanitazama. "Hakuniambia."

"Aliniambia mimi."

"Una hakika, Graciete?"

"Hakika kabisa. Si huyu hapa, shemeji? Tazama."

Alitazama. Akakishika kile kinundu kwa kidole gumba, muda mrefu. Kisha uso wake ukatulia, akatandika shuka juu ya goti na kuanza kumpanga, mfupa baada ya mfupa, mikubwa chini, akisema naye polepole maneno ambayo sikuyasikiliza. Siku hiyohiyo aliingizwa ukutani, nyuma ya jina alilochongewa. Mifuko mitatu iliyobaki, Rúben na mwenzake waliinua wavu, wakaimwaga. Nilisikia.

Leonilde hakuwahi kuniambia habari ya mkono wowote. Niliitunga palepale, nimechuchumaa.

Tangu hapo Hermínio huenda makaburini kila Jumapili. Wageni huwatembeza bado, ila kanisani hawaingizi, huwaonyesha mlango wakaingia wenyewe. Mimi nami huenda siku ya Watakatifu Wote, tarehe mosi Novemba, mji mzima unapokuwa kule na ndoo na matambara na maua. Mwaka jana nilinunua mafungu mawili ya krisanti. La kwanza niliweka kwenye marumaru ya Leonilde, mbele ya watu. La pili nikazunguka nalo nyuma ya kikanisa, nikaliweka juu ya wavu, nikamwita jina lake kwa sauti ndogo. Mara tatu.

Nilipogeuka Hermínio alikuwa amesimama na ndoo yake.

"Unamwekea nani huku?" akauliza.

"Wasio na mtu."

Akatikisa kichwa kukubali. Tukarudi pamoja. Akachovya tambara, akaanza kuisugua ile marumaru ambayo ilikuwa tayari safi, herufi moja moja, nikajua kuna kitu anataka kusema.

"Ngazi za kufulia," akasema. "Nilikwenda kwa masista mwezi uliopita. Amebaki mmoja wa enzi zile, ana miaka tisini na kitu. Hakumbuki mtoto aliyeanguka."

"Amezeeka, shemeji."

"Ndiyo, amezeeka." Akasugua. "Si hilo linalonisumbua. Nimelala namfikiria. Mtu anavunjika mkono, anakaa nami miaka arobaini na moja, anamwambia wewe, mimi haniambii. Nilimkosea nini, Graciete? Na kama alinificha hilo, alinificha nini kingine?"

Nilifungua mdomo, ule mdomo wangu usioshindwa na jambo, nikaona kwamba nikisema kweli namtoa mkewe ukutani kwa mikono yangu, na nikinyamaza namtoa moyoni mwake kidogo kidogo, Jumapili hadi Jumapili.

"Labda alisahau," nikamwambia.

"Mtu hasahau kuvunjika mkono," akasema, akalikamua tambara, akaendelea kusugua.